Risala ya Walimu Tarajali wa Kihispania na Kiingereza kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuhitimu Mazoezi ya Kufundisha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Msimamizi Mkuu wa Shule za Wilaya yetu;
Mkuu wa Kitivo cha Elimu;
Wahadhiri wetu;
Walimu walezi mliotupokea madarasani mwenu;
Wazazi, walezi na wanachuo wenzetu;
Mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunafahamu wiki hii shule zote za wilaya zinafunga mwaka, na kila moja ingependa kukuona. Kuja kwako hapa kumetupa heshima kubwa, nasi tunakushukuru kwa dhati.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaohitimu leo tumesomea kazi mbili ndani ya moja. Tunafundisha Kihispania kwa watoto waliozaliwa ndani ya Kiingereza, na tunafundisha Kiingereza kwa watoto ambao nyumbani kwao husemwa lugha nyingine. Hapa California watoto wa kundi hili la pili ni takriban milioni 1, na zaidi ya robo tatu yao ni wa Kihispania. Waliobaki wana Kichina, Kivietnamu, Kiarabu na lugha nyingine nyingi. Baadhi yetu tulioandika risala hii tumelelewa kwa Kiswahili, kwa hiyo tunajua mtoto anavyojisikia anapokaa darasani huku maneno yakimpita juu ya kichwa.

Tungependa kukusimulia jambo moja lililotokea katika wiki ya pili ya mazoezi yetu.

Mwenzetu alipangiwa darasa la tatu. Katika kipindi cha hisabati aliwaambia watoto, kwa Kiingereza, watazame "table" na waseme ni siku gani maktaba ilipata wasomaji wengi zaidi. Mtoto mmoja, aliyekuwa na miezi michache tu nchini, akaitazama meza yake. Akapitisha kiganja juu yake, akainama kuchungulia chini, kisha akaketi kimya na mikono mapajani. Mwenzetu akaandika kwenye daftari la tathmini: hajui kusoma takwimu. Mwalimu mlezi alikuwa amesimama nyuma ya darasa na hakusema kitu mbele ya watoto. Alimsogelea yule mtoto, akaweka kidole juu ya jedwali kitabuni, akatamka neno moja: "tabla". Papo hapo mtoto akajibu, "jueves", yaani Alhamisi, tena akaeleza bila kuulizwa wasomaji wa Alhamisi waliwazidi wa Jumatano kwa wangapi.

Kwa Kiingereza neno hilo moja hubeba meza na jedwali. Kwa Kihispania meza ni "mesa" na jedwali ni "tabla". Hesabu mtoto alikuwa nayo yote. Kilichokosekana ni neno, na sisi tulikuwa tumekwisha kumwandikia upungufu asiokuwa nao. Ukurasa ule wa daftari ulichanwa siku hiyohiyo, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeusahau.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tukiulizwa chuo kimetufundisha nini kuliko yote, tutasema kimetufundisha kupima anachokijua mtoto bila kukichanganya na lugha anayotumia kukisema. Ni kazi ngumu kuliko tulivyodhani. Mtafiti Jim Cummins wa Toronto alionyesha mapema miaka ya 1980 kwamba mtoto hupata Kiingereza cha mazungumzo kwa kama miaka miwili, ilhali Kiingereza cha vitabu na mitihani humchukua miaka mitano hadi saba. Yule anayepiga soga vizuri wakati wa mapumziko anaweza kukwama kabisa kwenye aya ya sayansi, na mwalimu asiyelijua hilo akamwita mvivu. Tumewaona watoto walioitwa hivyo. Inaumiza.

Tumesoma pia kwamba haki ya mtoto kuelewa anachofundishwa haikuja yenyewe. Mwaka 1963 shule ya Coral Way mjini Miami ilianza kufundisha kwa Kihispania na Kiingereza, watoto wa wakimbizi wa Cuba wakiwa pamoja na watoto wa Kiingereza. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa haki wanafunzi wa Kichina wa San Francisco. Ilisema kwamba kuwapa watoto wote vitabu vilevile, walimu walewale na mtaala uleule si usawa, ikiwa baadhi yao hawaelewi kinachosemwa. Kila tulipochoka, hukumu hiyo ilitukumbusha kwa nini tuko hapa.

Lakini mwaka 1998 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 227, na ufundishaji kwa lugha mbili ukabanwa kwa miaka 18, hadi Pendekezo la 58 la mwaka 2016 lilipoulegeza. Watoto walioanza shule katika miaka hiyo ndio walimu tarajali wa sasa. Wenzetu kadhaa humu ukumbini wamezungumza Kihispania na bibi zao tangu wajue kusema, ila hawakuwahi kufundishwa kukisomea. Walipotakiwa kufundisha hesabu za sehemu kwa Kihispania, walijikuta hawana neno la kiasi, yaani namba ya juu ya sehemu, wala la asili, namba ya chini. Waliandika andalio la somo kwa Kiingereza, wakalitafsiri usiku, na asubuhi wakasimama mbele ya watoto wakiwa na hofu. Uhaba wa walimu wa lugha mbili unaozungumzwa katika wilaya nyingi una mizizi yake hapo. Haiwezekani kuvuna walimu pale ambapo watoto walinyimwa kusoma kwa lugha yao.

Tuseme pia yaliyotufurahisha. Sisi wenye Kiswahili tulikuta Kihispania kina irabu tano kama zetu, a, e, i, o, u, kila moja na sauti yake isiyogeuka. Mtoto aliyeanza kusoma kwa Kihispania kwa silabi, ma, me, mi, mo, mu, tayari anajua kusoma. Anachohitaji ni kuonyeshwa kwamba herufi zilezile katika Kiingereza hubadilika sauti. Na pale wanafunzi wetu waliolelewa kwa Kiingereza walipohangaika na "ser" na "estar" za Kihispania, vitenzi viwili ambavyo kwao vyote ni kitu kimoja, "to be", mwenzetu mmoja aliwafundisha kwa mlango ambao hakuna kitabu chetu kilichoutaja: mwalimu NI Mkuba, mwalimu YUKO darasani. Darasa zima la vijana wa miaka kumi na minne likajifunza Kiswahili kidogo ili lielewe Kihispania. Walikipenda, nao walianza kukosea mara chache zaidi.

Changamoto zipo, na tutakuwa wakweli. Jimbo hutaka saa 600 za mazoezi kabla ya leseni, na tunaziunga mkono, kwani ualimu haufundishiki ukumbini peke yake. Ila wengi wetu tumezifanya bila mshahara, huku tukilipa ada na kufanya kazi za jioni. Tuna wenzetu wawili walioacha njiani kwa sababu ya kodi ya nyumba. Walikuwa wazuri kuliko wengi wetu, na viti vyao vitupu vinatusononesha hadi leo. Kwa unyenyekevu tunaomba wilaya ifikirie posho kwa walimu tarajali, hata kama itaanza na wale wa lugha mbili pekee.

Tunaomba pia walimu walezi wapunguziwe vipindi wanapotupokea. Yule aliyesema "tabla" alikaa nasi kila siku baada ya saa za kazi, wakati ana watoto wake nyumbani. Maktaba za shule nazo zinahitaji vitabu vya Kihispania vilivyoandikwa na wenye lugha, kwa sababu tafsiri nyingi tulizozikuta watoto huzisoma ukurasa mmoja na kuziacha.

Na kuna hili la wakalimani, ambalo tunalitia mkazo. Katika kikao kimoja cha wazazi tulimwona msichana wa darasa la sita akitumwa kumtafsiria mama yake taarifa kwamba mdogo wake amebaki nyuma. Alisema nusu tu ya maneno ya mwalimu. Nusu nyingine aliimeza, akawa anatazama sakafu. Mama aliondoka akishukuru, asijue kwamba mwanawe anahitaji msaada. Tunakuomba, Mheshimiwa, mzigo huo uondolewe kwa watoto, na kila shule iwe na mkalimani mtu mzima anayeweza kuitwa, hata kwa simu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kuanzia Agosti wengi wetu tutakuwa katika shule zako, na baadhi tumekwisha kupangiwa madarasa. Tunakukaribisha uingie wakati wowote bila taarifa, ukae nyuma, usikilize watoto wakisoma kwa lugha zote mbili.

Sasa tunakuomba upokee nakala ya risala hii, kisha utukabidhi vyeti vyetu.

Tunaomba kuwasilisha.

Walimu tarajali wa Kihispania na Kiingereza