Ndugu Afisa Elimu, tuhesabie na walioingia

Kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri yetu

YAH: KIPIMO CHA UBORA WA SHULE YETU YA KATA

Mwadila, ndugu yangu. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza dagaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga, hapa Mwanza, na mtoto wangu wa tatu yuko kidato cha tatu kwenye shule ya kata iliyo juu ya mlima wetu wa mawe. Jina la shule silitaji. Wewe unaijua, na wazazi wa kata nyingine wakisoma barua hii watadhani nasema ya kwao, jambo ambalo halinisumbui hata kidogo.

Ulikuja kwenye kikao cha wazazi. Gari lilikwama pale kwenye kona ya mawe, ukashuka ukapanda kwa miguu na viatu vyako vya ofisini, na hilo tulilipokea kwa heshima. Ukasimama chini ya mwembe ukatuambia shule yetu imepanda, ufaulu wa kidato cha nne umefika asilimia 90, na shule bora hujulikana kwa matokeo yake. Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga. Jioni nikiwa naanua dagaa ndipo makofi yale yalipoanza kunikereketa.

Mteja mzoefu akija kununua gunia la dagaa haangalii wale wa juu. Anazamisha mkono hadi kwenye kitako cha gunia, anachota kiganja kimoja, anawatawanya: mchanga kiasi gani, waliovunjika wangapi, wananukaje. Sisi wauzaji tunajua sana kupanga juu. Kwa hiyo nivumilie, ndugu yangu, leo na mimi nizamishe mkono.

Kwanza hilo neno kufaulu. Mwanangu wa kwanza alipomaliza kidato cha nne, kijana wa steshenari anayetutolea matokeo kwa simu alinikalisha kwenye ndoo akanifundisha pointi. A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5, na yanahesabiwa masomo 7 aliyofanya vizuri zaidi. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 na 35 ni sifuri. Hiyo D yenyewe inaanzia alama 30 kati ya 100. Sasa mchukue mtoto aliyepata D mbili, na mengine matano yote F. D mbili ni 8, F tano ni 25, jumla 33. Divisheni foo, yaani daraja la nne. Kwenye asilimia yako ya chini ya mwembe, huyo yumo ndani, amefaulu. Kidato cha tano haendi, maana kule wanataka walau C tatu. Mama yake atamwambia jirani kwamba mtoto amefaulu, na Januari inayofuata utamkuta mwaloni akinibebea magunia.

Sisemi foo ni sawa na sifuri. Tunaikumbuka mitihani ya 2012, matokeo yalipotoka mwaka uliofuata zaidi ya nusu ya watahiniwa wakawa na sifuri, hadi serikali ikayafuta na kuyapanga upya. Ikaja GPA, yaani wastani wa pointi badala ya madaraja. Mwaka 2016 madaraja yakarudi. Kipimo kimebadilishwa na kurudishwa, na muda wote huo watoto wetu walikuwa wanabanana watatu kwenye dawati la wawili. Ndiyo maana tarakimu peke yake hainitoi jasho la furaha.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni hili: asilimia 90 ya nani?

Nipige hesabu ya mfano tu, sisemi ni yetu, kwa sababu ya kwetu hatujawahi kupewa. Watoto 200 wanaingia kidato cha kwanza. Miaka minne baadaye 120 wanakaa kwenye chumba cha mtihani. Wanafaulu 108. Ubaoni unaandika asilimia 90, na hujadanganya. Ila ukiwahesabu wale 200 waliokuja na sare mpya Januari ile, waliotoka na cheti cha kufaulu ni asilimia 54. Na kama kati ya hao 108 waliopata daraja la kwanza hadi la tatu ni 36, basi ni asilimia 18 ya walioingia. Shule ni ileile. Tena shule inaweza kupanda kwenye orodha yako kwa kupoteza watoto tu, kwa sababu wanaopotea mara nyingi ndio wale dhaifu ambao wangeishusha. Mwalimu mkuu anayehangaika kumrudisha mtoro darasani anajiharibia asilimia kwa mikono yake. Umelifikiria hilo?

Najua wengine wamehama na wengine wanakariri kidato cha pili. Hao waandikwe hivyo: aliyehama, anayekariri. Tatizo langu ni wale ambao hawakuandikwa popote.

Wako wapi? Wengine nakutana nao kila siku. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo mitumbwi inalala na watu wanashona nyavu. Giza likirudi, taa zinawashwa ziwani, ukiwa huku juu milimani unaona kama mji mwingine umejengwa majini. Hapo ndipo wavulana wa kidato cha pili na cha tatu wanapopata kazi ya kuvuta wavu na kubeba ndoo kutoka mtumbwini, na wasichana wanaitwa alfajiri kuanika. Mimi mwenyewe nimewahi kuwalipa watoto hao. Sitajificha nyuma ya barua. Nilimlipa binti mmoja shilingi elfu mbili na dagaa wa mboga, akaniuliza saa ngapi, nikamwambia saa mbili kasoro, akatazama mlimani, halafu akaendelea kuanika.

Mwalimu wa darasa la binti yangu siku moja alinifungulia daftari la mahudhurio. Wiki moja alama za kuwepo zimejaa. Wiki inayofuata zinapungua, nyingine inayofuata upande wa wavulana ni mikato mitupu, kisha wanarudi. Akaniambia, "Mama, mimi sihitaji kalenda. Daftari hili linaniambia mwezi umefikia wapi." Akacheka, mimi nikashindwa kucheka. Huyo mwalimu ndiye anayeijua shule yetu kuliko orodha yoyote, na sijasikia kwamba kuna mtu kutoka juu aliyewahi kumwomba daftari lile alisome naye.

Siku uliyokuja, ndugu yangu, ilikuwa mbalamwezi. Madarasa yalijaa.

Sasa tuingie ndani ya daftari la mwanafunzi. Binti yangu ana mwandiko mzuri kuliko wangu. Daftari lake la Baiolojia limepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu, michoro imepakwa rangi. Nikamwambia anisomee, akasoma Kiingereza kama mtangazaji. Nikamwambia, haya, nieleze kwa Kiswahili, damu ikitoka kwenye moyo inakwenda wapi? Akanyamaza. Halafu akasema taratibu, "Hapo tulinakili tu, mama." Miaka 7 ya msingi alisomeshwa kwa Kiswahili. Akafika kidato cha kwanza akapewa wiki chache za kuzoea Kiingereza, kisha masomo yote yakageuka, na tangu siku hiyo ananakili. Ubishi wa lugha ya kufundishia si wangu wala wako, uko juu yetu sote. Ila ukitaka kujua kama mtoto anafundishwa, mkalishe na daftari lake mwenyewe umwombe akueleze ukurasa mmoja. Ni kazi ya dakika tano.

La Hisabati nililifungua mwezi wa tisa. Tiki ya mwisho ya mwalimu ilikuwa ya tarehe 14 Machi. Baada ya hapo maswali yanaendelea, majibu yanaendelea, wino mwekundu haupo. Nikamfuata mwalimu, si kwa ugomvi. Kijana wa watu, macho mekundu, ndiye peke yake wa Hisabati tangu kidato cha kwanza hadi cha nne, mikondo yote. Akanionyesha rundo la madaftari lililofika kiunoni. Nitamlaumu nini? Hisabati nchi nzima watahiniwa wa kidato cha nne wanaofaulu hawafiki hata theluthi, miaka nenda rudi, na hapo kufaulu ni kuanzia zile alama 30. Lakini pale chini ya mwembe hatukuambiwa kwamba mwalimu wa Hisabati ni mmoja.

Wala hatukuambiwa asilimia 90 imepatikanaje. Mimi nitasema, kwa sababu nilichangia. Kidato cha nne walikaa kambi. Tulitoa mahindi, maharage na hela ya mpishi, na walimu wazuri wote wakahamishiwa kwao tangu mtihani wa utamilifu, ule wa majaribio, hadi mtihani wa taifa. Watoto walisoma kweli, siibezi kambi. Miezi hiyohiyo kidato cha kwanza na cha pili walikuwa wanafagia, wanapiga soga, wanarudi nyumbani saa sita. Ni sawa na kumwagilia mti siku ya kuchuma.

Nisije nikaonekana mchawi wa shule, yapo mazuri, na mengine ni makubwa. Ada ya shilingi 20,000 ilifutwa mwaka 2016, na bila hivyo mtoto wangu wa pili asingemaliza. Yapo madarasa ya fedha za Uviko, yana sakafu laini ambayo watoto walikuwa wanavua viatu kuingia. Na kuna jambo moja dogo ambalo kwangu linaizidi orodha yako yote. Ule Waraka Namba 2 wa 2021 uliporuhusu walioacha shule warudi, pamoja na waliojifungua, shule yetu ilimpokea msichana mmoja wa mtaa wetu. Mama yake anamleta mtoto mpaka getini wakati wa mapumziko. Mwalimu wa Jiografia amempa ofisi yake, anakaa nje kwenye jiwe akisahihisha hadi msichana amalize kunyonyesha. Hakuna aliyemwagiza. Msichana yule huenda akapata foo, huenda akakushusha kabisa kwenye orodha. Kwangu mimi, shule iliyomrudisha na kumtunza hivyo ni bora, na ningetaka mkuu wa shule apongezwe hadharani kwa hilo kabla ya asilimia.

Baraza la Mitihani lenyewe mwaka 2023 liliacha kutangaza shule 10 bora na wanafunzi 10 bora kitaifa. Huku kwetu bado tunabandika ukutani shule ya kwanza hadi ya mwisho, na ya mwisho inazomewa hadi kwenye daladala. Watoto wanaivaa ile namba kama sare. Wathibiti ubora nao wanakuja, wanakaa madarasani, wanaandika ripoti. Naamini humo ndani kuna mambo ya maana kuliko asilimia. Katika miaka yangu yote ya uzazi sijaisikia ikisomwa kwenye kikao cha wazazi hata ukurasa mmoja. Kama ina siri za walimu, ziondoeni, tusomeeni iliyobaki, kwa Kiswahili cha kawaida.

Babu yangu alisoma shule ya kati enzi za mkoloni, darasa la tano hadi la nane. Alikuwa akitaja majina ya wote walioanza naye, na kila jina aliongeza: huyu alimaliza, huyu alirudi kuchunga, huyu alikufa kwa homa. Hawakufika hata 40, ndiyo, ilikuwa rahisi kuwakumbuka. Nyinyi mna kompyuta.

Na kuna kitu kinakuja. Kwa mtaala mpya, watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza msingi darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao wenzao wa mbele watamaliza la saba. Januari 2028 makundi mawili yatagonga geti moja. Madarasa mtajenga, najua, mna mkono wa kujenga. Ila kama leo hatujui mtoto mmoja mmoja wa kidato cha kwanza alikokwenda, mwaka ule watapotea wengi na asilimia itapanda.

Ninachoomba kinaenea kwenye karatasi moja ya ubao wa matangazo. Walioandikishwa kidato cha kwanza, waliokaa mtihani wa kidato cha nne, na kila ambaye hayupo aliko, kwa hesabu, bila majina. Waliopata la kwanza hadi la tatu wasichanganywe na la nne. Na mahudhurio ya mwezi mzima, giza na mbalamwezi. Kuhusu sisi wa mwaloni, tumeshaanza kuzungumza na matajiri wa mitumbwi kwamba mtoto mwenye sare asipewe kazi siku ya shule. Wengine wamekubali. Wengine wanatucheka, na wengine wanasema kama shuleni hakuna mwalimu wa Hisabati afadhali ajifunze wavu. Jibu la hao wa mwisho ninalitafuta kwako.

Usije na msafara. Njoo giza likiwa limekolea, siku ya katikati ya wiki, saa mbili asubuhi. Panda mlima, umwombe mwalimu wa darasa daftari lake. Ukishuka, pitia mwaloni uniulizie. Nitakuonyesha watoto wako wengine walipo, na dagaa wa mboga nitakufungia.

Wako,
Mzazi wa kidato cha tatu,
Mwanza