Risala ya Vijana wa Mbagala Wenye Asili ya Rufiji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Vitu na Picha za Kijijini

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu mliotoka Rufiji, walimu, wazazi na majirani, karibuni sana.

Wengi wetu tulioandaa maonyesho haya tumezaliwa hapa hapa Dar es Salaam. Kijijini tulikuwa tukienda kwa misiba na likizo tu. Mwaka huu tumepita nyumba kwa nyumba, kuanzia Mbagala mpaka kijijini kwenyewe, tukiwaomba wazee watufungulie masanduku. Tulichopata kipo mezani: mikeka ya ukindu, kinu, mbuzi ya kukunia nazi, chemli, na kibaba cha mbao kilicholika ukingo kwa miaka mingi ya kupima mchele. Vibaba vinne ni pishi, na kwa kibaba hicho majirani walikuwa wakipimia zaka ya fitri.

Mheshimiwa, turuhusu tukae kidogo kwenye picha moja. Familia imesimama mbele ya nyumba mpya. Fito zinaonekana, udongo haujakandikwa. Nyuma ya picha mtu ameandika kwa wino: "Tumehamia juu, 1969." Baada ya mafuriko ya 1968 ilikuja Operesheni Rufiji, watu wakahamishwa kutoka bondeni kwenda vijiji vipya vya ardhi ya juu. Hayo yamo vitabuni. Asiyemo vitabuni ni msichana aliyesimama pembeni: ameshika kasia, na mto hauko karibu.

Kasia hilo hilo lipo mezani. Msichana yule sasa ni bibi yetu, naye ametueleza kwamba baba yake alikataa katakata kuliacha. Nyumba ilihamia juu lakini shamba lilibaki bondeni. Maji yakipungua walishuka kupanda mahindi, wakavuka kwa mtumbwi, wakalala kwenye dungu wakiyalinda mazao yasiliwe na nguruwe. Bila bibi, tungeandika kibao "kasia" tukapita.

Ipo pia picha ya foleni ya magari yakisubiri pantoni pale Ndundu, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Madereva wa zamani mliopo hapa, tafadhali itazameni. Huenda mkamtambua mtu.

Changamoto zetu ni mbili. Mchwa wamekula picha nyingi. Na wazee wawili walioahidi kutusimulia wamefariki kabla hatujarudi kwao. Hili linatuuma sana: picha zao tunazo, waliomo hatuwajui.

Kwa hiyo tunaomba skana moja, kabati la vioo, na nauli ya kurudi kijijini kabla masika hayajaanza, maana waliobaki ni wachache na umri umekwenda.

Mheshimiwa, kabla hujakata utepe, tunakuomba upite kwanza kwenye meza ya kasia. Bibi ameketi pale tangu asubuhi, anakungoja.

Naomba kuwasilisha.