Aina nne za tishu, ogani nyingi

Kwako rafiki mpendwa,

Salamu nyingi baada ya kimya. Katika barua yako uliuliza inakuwaje mwili wenye ogani nyingi zisizofanana ukajengwa kwa aina nne tu za tishu (makundi ya seli zinazofanya kazi pamoja), yaani epithelia inayofunika nyuso za mwili na ogani, tishu unganishi inayozishikilia na kuzitegemeza nyingine, misuli na neva. Kwa maoni yangu jibu limo katika mpangilio, na sioni mfano ulio wazi kuliko utumbo mwembamba.

Upande wa ndani, chakula kinapopita, ipo epithelia yenye unene wa seli moja tu, nayo imefunika vichomozo vidogo vya takriban milimita moja ambavyo huongeza eneo la kufyonza. Seli hizo husuguliwa na kuchakaa mno hata hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5. Chini yake kuna tishu unganishi iliyobeba mishipa ya damu inayopokea kilichofyonzwa, kisha yanafuata matabaka mawili ya misuli: la ndani limeuzunguka utumbo, la nje limelala kwa urefu wake, na yanapopokezana kukaza na kulegea chakula husukumwa mbele. Kati ya matabaka hayo umetandazwa wavu wa neva unaoweza kuuendesha msukumo huo hata pasipo amri ya ubongo, jambo ambalo mimi hadi leo hunistaajabisha.

Moyo nao una tishu zizo hizo nne, ila misuli ndiyo iliyotawala.

Daktari Mfaransa Xavier Bichat, aliyefariki mwaka 1802 akiwa na umri wa miaka 30 tu, alizitenga tishu 21 bila kutumia hadubini. Hesabu yake imepitwa na wakati, lakini hoja yake ingali hai: ugonjwa huweza kushambulia tishu moja na kuziacha nyingine za ogani ileile. Ndiyo maana madaktari hutofautisha uvimbe wa utando unaoufunika moyo na uvimbe wa misuli ya moyo yenyewe, ingawa wagonjwa wote wawili huenda wakalalamikia kifua tu.

Kuhusu goti lako, gegedu, ile sehemu imara lakini yenye kunepa iliyo kati ya mifupa, ni tishu unganishi isiyo na mishipa ya damu, kwa hiyo likichanika hupona kwa shida. Mfupa ni tishu unganishi vilevile, lakini una damu ya kutosha, nao ukivunjika huunga. Usilikimbize goti hilo.

Wasalamu,
Rafiki yako