Maktaba ya Darasa Isiyo na Kufuli

Buruburu,
Nairobi.

Kwako mwalimu mwenzangu na dada mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi sote tu wazima, na natumaini kwamba nawe na watoto hamjambo. Nilifurahi mno kusikia kuwa muhula utakapofunguliwa mwezi wa Januari utaipokea Gredi ya Pili huko Kayole, na kwamba mwalimu mkuu amekukubalia kuanzisha maktaba ndani ya darasa. Uliniuliza uanzie wapi, nami nakushauri uanze kwa kuliacha kabati lenye kufuli.

Unajua jinsi vitabu vya hadithi vinavyohifadhiwa katika shule zetu nyingi: hufungiwa ndani ya kabati la chuma, ufunguo hukaa kwa mwalimu, na mwaka ukiisha vitabu hukabidhiwa vikiwa vipya kwa kuwa hakuna aliyevigusa. Hofu ya kuvipoteza naielewa, maana vimenunuliwa kwa jasho la wazazi. Hata hivyo, afadhali vitabu vichache virarukie mikononi mwa watoto kuliko vyote vibaki safi gizani. Maktaba ya McMillan iliyoko Mtaa wa Banda ilifunguliwa mwaka wa 1931, na kwa miaka mingi ikawa ya Wazungu peke yao. Wingi wa vitabu vyake haukuwafaa kitu wazee wetu waliopita nje ya mlango huo kila siku.

Ukishalikubali hilo, litazame umbo la vitabu vyenyewe. Vitabu vya watoto wa madarasa ya chini ni vyembamba, vingi vimebanwa kwa pini katikati, wala havina mgongo wa kuandikwa jina, hivyo ukivisimamisha kwenye rafu kama vinavyosimamishwa vitabu vya watu wazima, mtoto ataona kingo za karatasi tu na hatajua achague kipi. Vitabu hivyo sharti vionyeshe jalada. Tunga kamba ukutani kwa kimo cha kifua cha mtoto, kisha uvining'inize kwa vibanio vya nguo. Vinavyosalia vitie ndani ya kreti, vikiwa vimeuelekea uso wa mtoto, na uziinue kreti hizo kutoka sakafuni ili unyevu wa mvua za masika usivifikie.

Kuhusu mpangilio, usijisumbue na nambari za maktaba kubwa. Mimi hupanga kwa mada na kubandika picha kwenye kila kreti: wanyama, safari, familia, mashairi na vitendawili. Vitabu vya Kiswahili na vya Kiingereza huviweka pamoja, jambo ambalo baadhi ya wenzetu hawaliafiki, lakini nimeona kuwa mtoto aliyependa habari za mamba humfuata mamba huyo hadi katika lugha anayoiogopa.

Ugumu wa kitabu ndio unaohitaji uangalifu zaidi. Bila shaka unaifahamu kanuni ya vidole vitano, ambapo mtoto husoma ukurasa mmoja na kukunjua kidole kila anapokutana na neno asilolijua, na vidole vikitimia vitano huchagua kitabu kingine. Kwa Kiingereza hufaa sana. Kwa Kiswahili haitoshi, kwa sababu maneno yetu husomwa jinsi yalivyoandikwa, na mtoto aliyeshika silabi vyema anaweza kuutiririsha ukurasa mzima bila kujikwaa huku hajaelewa kilichosemwa. Mwambie afunge kitabu akusimulie, kwa maneno yake mwenyewe, hata akichanganya na Sheng, hapo utajua.

Wazazi watakuletea vitabu vya marudio ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Vipokee kwa shukrani, lakini usiviweke kwenye kona ya maktaba yako, kwani mtoto akiona maswali ya mtihani huko ataichukulia kona nzima kuwa kazi ya ziada. Ukipungukiwa, tovuti ya African Storybook ina hadithi fupi za Kiswahili na za lugha nyingine nyingi za Kiafrika, ambazo unaruhusiwa kuzichapisha bila malipo. Vilevile maktaba za umma za Kaloleni na Makadara ziko upande wetu huu wa jiji, nawe ungeweza kuomba kuwapeleka watoto huko.

Waachie watoto wenyewe daftari la kuazima. Wawili wawe wasimamizi kwa juma zima, kisha wengine wapokee zamu. Mtoto aandike jina lake na la kitabu, akikirudisha apige mstari. Kitabu kikichanika, awalete wenzake mkibandike pamoja kwa selotepu, bila adhabu, kwa sababu mtoto anayeadhibiwa kwa ukurasa uliochanika hatagusa kingine.

Nina kreti nne ambazo sizitumii, na mjomba wa watoto ana gari Jumamosi. Pima ukuta wako, uniambie zitatosha ngapi, naye atakuletea pamoja na kamba.

Wako akupendaye,
Mwalimu mwenzako wa Buruburu