Mwanangu, hiyo ovataimu usiifiche

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Kibirizi, hapa Kigoma. Hatujambo, ila mgongo wangu ndio ule ule. Namsemesha mdogo wako, naye anaandika kwenye simu. Nimemwonya asipunguze neno.

Juzi uliponiambia umejiandikisha kufilisika huko Kanada nilinyamaza, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa nakumbuka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa lisivuliwe tangu Mei 15 hadi Agosti 15, mitumbwi yote ikawa juu ya mchanga, na mimi kila mwisho wa mwezi nakuuliza kama umetukumbuka. Ulitutumia. Kumbe ulikuwa unachota kwenye kadi ya mkopo. Basi deni hilo lina mkono wangu ndani yake, usilibebe kama la peke yako.

Kilichoninyima usingizi ni huyo shoga yako wa kazini, anayekushauri ufanye shifti za wikiendi ulipwe mkononi ili mfilisi, yule anayesimamia kufilisika kwako, asijue, eti ukizionyesha zinachukuliwa zote.

Unakumbuka hesabu ya mtumbwi wetu? Dagaa wakishauzwa asubuhi, kwanza tulitoa mafuta na chakula cha wavuvi. Kilichobaki kinakatwa katikati, nusu ya tajiri, nusu ya wavuvi. Nimesomewa zile karatasi ulizonitumia picha, nikacheka, maana Wakanada nao wanagawana kama watu wa Kibirizi. Kodi na makato ya mshahara yanatoka kwanza. Kisha kuna kiasi cha kuishi, ambacho ofisi ya serikali yao inakipanga kila mwaka kwa kuangalia mnaishi wangapi nyumbani. Kinachozidi hapo ndicho kinachokatwa: nusu kwa wanaokudai, nusu yako. Kwa hiyo shoga yako hajui asemalo.

Ila kuna mahali pa kukanyaga polepole. Kama wastani wa ziada yako kwa mwezi haufiki dola 200, hulipi kitu kwa ajili ya hiyo ziada, na kwa kuwa ni mara yako ya kwanza, unaweza kuachiwa, yaani kufutiwa madeni, baada ya miezi 9. Ikifika 200 au zaidi, unalipa nusu ya ziada yote, na miezi inakuwa 21. Mdogo wako ametupigia hesabu nyuma ya daftari lake la Fizikia. Ziada ikiwa dola 180, hulipi kitu. Ikiwa 240, unatoa 120 kila mwezi, na kwa miezi 21 hiyo ni dola 2,520. Yaani shifti moja ya kuongeza dola 60 inaweza kukuvuta mwaka mzima zaidi. Lakini ukipata kazi inayofanya ziada iwe 900, unatoa 450 na 450 inabaki mfukoni mwako, hapo kuna maana ya kuchoka. Wanaangalia wastani, si mwezi mmoja, kwa hiyo mwezi mmoja ukinona usishtuke. Kabla ya kukubali shifti, muulize mfilisi akupigie hesabu kwa takwimu zako mwenyewe.

Na kila mwezi unapompelekea mapato na matumizi, weka kila senti. Unamkumbuka yule kijana wetu wa mtumbwini aliyeshusha ndoo mbili za dagaa mwalo mwingine kabla hakujapambazuka? Hatukumkamata sisi. Mama aliyenunua ndiye alikuja hadi hapa kudai ndoo zake zirudishwe! Tangu siku ile, hata akileta mzigo halali, baba yako aliuhesabu mara mbili. Mfilisi wako akigundua umeficha, anaweza kupinga usifutiwe madeni, jambo likaenda mahakamani, na nusu uliyokuwa unaruhusiwa kula kwa raha ukaitolea jasho la pili.

Sasa hili la mwisho ndilo gumu kwangu kulisema. Nilimwambia mdogo wako anisomee orodha ya matumizi yanayoruhusiwa kutolewa kabla ya kugawana. Yamo matunzo ya mtoto, gharama za maradhi, faini za mahakama, na gharama ambazo kazi yenyewe inakulazimisha. Nikamwambia asome tena, taratibu. Mama hayumo. Pesa unayonitumia inatoka kwenye chakula chako.

Basi acha kutuma. Ada ya mdogo wako tumeilipa nusu kwa mawese, nusu nimeahidi baada ya giza lijalo la mwezi, wavuvi wakirudi ziwani na taa zao. Bati la jikoni linavuja upande mmoja tu, nimehamisha jiko. Shangazi yako alitaka kukuandikia kuhusu harusi ya binamu yako, nimemkataza, amenuna.

Wiki hii mbalamwezi inawaka, taa hazifanyi kazi, wavuvi wako ufukweni wanashona nyavu. Nipigie Jumapili, ukishaongea na mfilisi.

Mama yako