Kwa mdogo wangu anayetaka kuolewa ugenini

Mdogo wangu mpendwa,

Picha za ukumbi nimezipata. Panapendeza kweli. Ila kabla hujatuma malipo ya awali, nijibu swali moja: ndoa yenyewe itaandikishwa wapi?

Sherehe na ndoa ya kisheria ni mambo mawili, na kila nchi ina masharti yake. Ufaransa, mmoja wenu au mzazi wake lazima awe na makazi katika eneo la ofisi ya meya mtakayofungia. Kama ni ya muda, awe amekaa hapo angalau mwezi mzima mfululizo. Tena ndoa ya serikali hutangulia, ndipo padri abariki. Italia huwataka wageni walete hati kwamba hamna kizuizi cha kuoana. Las Vegas leseni hutoka siku hiyohiyo. Halafu kuna vyeti: kutafsiriwa na mfasiri anayetambulika, na kugongwa muhuri wa apostili, ule unaothibitisha hati ili ikubalike nchi nyingine, kwa nchi zilizo katika Mkataba wa The Hague wa 1961. Zisizokuwemo, ni kuzunguka wizarani na ubalozini.

Kwa hiyo, ushauri wangu: andikisheni ndoa huko mnakoishi, kimyakimya, kisha mkale viapo huko ng'ambo mbele ya watu wenu. Kiapo hakipungui uzito kwa sababu saini ilitangulia, na hutalala ukiwaza karatasi.

Ukumbi usiuamini kwa picha. Mwombe msimamizi akupigie simu ya video saa ileile ya sherehe, kwa saa za kule, asimame mtakaposimama, anyamaze dakika nzima. Utasikia kama barabara iko karibu, utaona jua linampiga nani usoni. Kisha atembee hadi kwenye viti, uhesabu ngazi. Bibi atapandaje?

Kwenye mkataba, tafuta kifungu cha kuahirisha: pesa inarudi, inahamishiwa tarehe nyingine, au imekwenda? Hilo lina uzito zaidi ukichagua Karibi, maana msimu wa vimbunga huanza Juni hadi mwisho wa Novemba, na bei nafuu za miezi hiyo zina sababu yake.

Wageni wape taarifa mapema sana. Nchi nyingi hutaka pasipoti yenye uhai wa miezi sita mbele, na viza ya mama ikichelewa hakuna ukumbi utakaokufariji. Anza na yake.

Mkataba nitumie kabla hujasaini. Nitausoma usiku huohuo.

Dada yako