Risala ya Klabu ya Wanyamapori kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwito wetu. Mezani mbele yako zimepangwa nyayo za wanyama zilizonakiliwa kwa jasi, ule unga unaoganda ukikorogwa na maji, nasi tunaomba kukueleza zinavyosomwa.

Huanzwa na vidole, kisha kucha. Simba na chui huacha alama za vidole vinne bila kucha, kwa kuwa hutembea wamezirudisha ndani, na ukingo wa nyuma wa kisigino una nundu tatu. Fisi na mbwa mwitu huacha kucha. Wengi hukwama kwa duma: yumo katika jamii ya paka, lakini kucha zake hazirudi ndani kabisa, kwa hiyo huonekana mchangani. Ukiona kucha usikimbilie kusema fisi, tazama kisigino. Cha duma kina zile nundu tatu, cha fisi kimekaa mshazari.

Faru ana vidole vitatu, kiboko vinne. Unyayo wa mbele wa tembo ni mviringo, wa nyuma umerefuka kidogo. Pima mzingo wa ule wa mbele kwa kamba, zidisha kwa mbili, utakadiria kimo chake begani.

Hata hivyo, unyayo mmoja haumtambulishi mnyama. Tope hutanua vidole, na mguu wa nyuma mara nyingi hukanyaga palepale ulipokanyaga wa mbele, vidole vikaonekana vingi kuliko alivyo navyo. Pima nyayo kadhaa za mnyama huyohuyo, bila kujumlisha kucha. Wakati mzuri ni asubuhi au jioni, unyayo ukiwa kati yako na jua, ili vivuli vionyeshe kingo.

Kinyesi nacho kinasema. Cha fisi kikikauka huwa cheupe kwa sababu ya mifupa anayokula. Cha faru mweusi kina vijiti vilivyokatwa mshazari, kana kwamba kwa mkasi. Vya tembo vimechanika nyuzinyuzi.

Kuhusu jasi: zungushia unyayo ukanda wa kadibodi, koroga vikombe viwili vya unga kwa kimoja cha maji. Usimimine juu ya vidole, kingo zitabomoka. Mimina pembeni, ujisambaze wenyewe. Inua baada ya nusu saa, lakini usisugue udongo siku hiyo, maana jasi ingali laini na alama ndogo zitafutika.

Mheshimiwa, tunaomba jasi, kamba za kupimia na rula. Picha ya unyayo isiyo na rula pembeni haimsaidii anayetaka kulinganisha ukubwa.

Tunaomba kuwasilisha.